Mizani isiyoanzia sifuri: kisa cha mtunza ghala na mgongo wake

Alipoinua boksi la kilo 3 kwa mara ya kumi na moja aliliweka mezani, akashika kiuno na kusema, "Daktari, mimi mwisho wangu ni hapa." Nikatazama kifaa cha mapigo ya moyo alichovaa mkononi: 98 kwa dakika. Ana miaka 47. Ametoka kuinama na kuinuka mara kumi na moja, lakini hahemi, hana jasho, mapaja hayatetemeki. Mwili wake ulikuwa bado haujaanza kazi. Uso, hata hivyo, ulikuwa wa mtu aliyefika ukingoni, na sikuwa na sababu ya kutomsadiki.

Kisa chote kimo kwenye pengo hilo. Kuna kile ambacho mwili unaweza kubeba, na kuna mahali ambapo maumivu yanasema basi. Kwa mtu mwenye maumivu sugu ya mgongo mambo hayo mawili hayako pamoja, na anayepima moja akidhani anapima lingine atatoa tiba isiyo na mlengwa. Mimi nilifanya hivyo kwa wiki nne.

(Si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nilimsahihisha mara mbili siku ya kwanza, kisha nikaacha. Baadhi ya mambo yanayomhusu nimeyabadilisha ili asitambulike.)

Alivyokuja

Ni mtunza ghala. Kiuno kilianza kumsumbua miaka sita nyuma, kikiuma wiki mbili tatu na kutulia. Miezi 14 ya mwisho hakikutulia tena. Kazini walimwondoa kwenye rafu wakamweka mezani aandike yanayoingia na yanayotoka, jambo ambalo kila mtu aliliona kuwa ni fadhila isipokuwa yeye. Alivaa mkanda mpana wa kiuno tangu asubuhi hadi wakati wa kulala. Maumivu kwa wastani aliyapa 6 kati ya 10. Usingizi ulikuwa wa saa nne, tano akibahatika.

Chini ya kwapa alikuwa na bahasha kubwa ya picha za MRI. Ripoti ilisema diski mbili za chini zimepungua maji, moja imebinuka kidogo, neva hazijabanwa. Katika hayo yote alikuwa ameshika neno moja tu, ambalo aliambiwa na mtu fulani aliyempitishia macho picha hizo kwa haraka: "Mgongo wangu umelika." Alilitamka kama mtu anavyotaja jina lake.

Picha kama hizo ni za kawaida mno. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, ulioongozwa na Waleed Brinjikji, ulikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Waliokutwa na diski zilizochakaa walikuwa asilimia 37 kati ya wenye miaka 20, asilimia 68 kati ya wenye miaka 40 na asilimia 96 kati ya wenye miaka 80. Diski iliyobinuka ilionekana kwa nusu ya wenye miaka 40. Picha yake, kwa maneno mengine, ilikuwa picha ya umri wake. Haina maana kwamba diski haiumi kamwe. Maana yake ni kwamba picha ile peke yake haikuweza kueleza kwa nini mtu huyu anashindwa kukaa kitini dakika ishirini.

Dalili za hatari niliziulizia moja baada ya nyingine kabla ya kumgusa: ganzi sehemu anazokalia, shida ya kuzuia mkojo au choo, kupungua uzito bila sababu, homa, historia ya saratani, ajali, miguu kupoteza nguvu. Hakuna hata moja. Hisia za ngozi, nguvu za miguu na mishtuko ya goti na kifundo vilikuwa sawa pande zote mbili.

Dodoso la Roland-Morris, lenye maswali 24 kuhusu shughuli ambazo mgongo umemzuia mtu, lilitoa 15. Dodoso la Tampa la hofu ya kujongea, ambalo alama zake huanzia 17 hadi 68 na wengi huhesabu kuwa hofu ni kubwa ikipita 37, lilitoa 46. Niliiandika namba hiyo kwenye faili na kugeuza ukurasa. Ningeikazia macho, pengine kisa kingekuwa kifupi zaidi.

Kosa la kwanza: nilidhani ni udhaifu

Vipimo vya uwezo vilifanyika siku hiyohiyo. Kusimama na kukaa kitini kwa nusu dakika: mara 8. Kutembea kwa dakika sita: mita 380. Jaribio la Sørensen, ambalo mtu hulala kifudifudi miguu imefungwa, kiwiliwili kikining'inia nje ya kitanda naye akikishikilia kikae sawa na mwili: sekunde 34. Jaribio hilo husimamishwa likifika sekunde 240, kwa hiyo 34 ni kidogo kwa vyovyote vile.

Nikaandika: misuli ya mgongo dhaifu. Kisha nikampa mazoezi ya kuimarisha misuli, kwa seti, na agizo la kawaida: fanya hadi uchoke, ikiuma sana acha.

Agizo hilo lina sehemu mbili na zote mbili zilimharibia. Siku ambazo kiuno kilikuwa na nafuu alifanya mazoezi yote, akaongeza na kuosha gari, kwa sababu siku nzuri ni chache na mtu huzitumia. Kesho yake akalala. Siku ya pili akalala. Alipopata nafuu akaanza tena, kwa nguvu zilezile. Na kwa kuwa niliweka maumivu yawe ndiyo refa, kila zoezi lilimalizika kwa maumivu. Kila kujongea kulikuwa kunamfundisha kwamba kujongea huishia pabaya. Wiki ya nne dodoso la Roland-Morris lilikuwa limepanda hadi 17. Alikuja siku hiyo kunirudishia karatasi za mazoezi, si kutibiwa.

"Binti, usijisumbue," aliniambia. "Mgongo ukishalika umelika."

Nikamwomba, kabla hajaondoka, anirudie jaribio la Sørensen mara moja tu. Safari hii sikuangalia saa. Nilimwangalia yeye. Alishikilia pumzi tangu alipoanza. Kucha zilizama kwenye ngozi ya kitanda. Alipoachia nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza mwezi mmoja kabla: "Mzee, umeachia kwa nini? Misuli imechoka, au inauma, au nini?"

Akafikiri. "Haijauma sana. Niliogopa itakatika."

"Itakatika nini?"

"Diski."

Kwa hiyo zile sekunde 34 zilikuwa zimepima muda ambao mtu anaweza kuvumilia kudhani kwamba kitu ndani yake kiko karibu kukatika, na mimi nikaziandika kama nguvu za misuli. Hakuna jaribio la uwezo wa mwili linalopima mwili peke yake. Kila moja linategemea ridhaa ya mwenye mwili. Daktari wa mifupa wa Scotland, Gordon Waddell, alilisema jambo hili waziwazi mwaka 1987 alipopendekeza namna mpya ya kuutazama mgongo unaouma, iliyohusisha pamoja na mwili hofu ya mtu, imani zake na mazingira yake. Nililisoma chuoni. Kusoma ni kitu kimoja.

Kosa la pili: nilipima sawa, nikasema vibaya

Wiki ya tano nilipima kitu kingine: wepesi wa mwili wake kuhisi maumivu. Algomita ni kifaa chenye ncha bapa ya sentimita moja ya mraba. Unaikandamiza taratibu, na mtu anasema "sasa" pale mkandamizo unapogeuka kuwa maumivu. Hicho ndicho kizingiti. Kiunoni kilikuwa kilopaskali 180 (kipimo cha mkandamizo; namba ikiwa ndogo, maumivu yameanza mapema), hilo halikunishangaza. Kwenye muundi wa mguu, mahali ambapo hajawahi kuumia, kilikuwa 210, nacho nilikitarajia kiwe juu zaidi. Namba za algomita hutofautiana sana kati ya mtu na mtu na hata kati ya wapimaji, hivyo sizichukulii kama kipimo cha sukari. Lakini kizingiti kikishuka hata mbali na penye maumivu, hilo huashiria kwamba mabadiliko hayako kiunoni tu.

Nikamchoma kidogo kwa ncha butu mara moja. Akasema 2 kati ya 10. Nikarudia mara kumi, kila sekunde mara moja, kwa nguvu ileile. Akamalizia na 6. Maumivu yalikuwa yanapandana. Mwisho nikamwambia atumbukize mkono kwenye maji baridi sana huku nikimpima muundi. Kwa kawaida maumivu ya mahali pamoja hufifisha ya pengine. Daniel Le Bars na wenzake walilieleza jambo hilo mwaka 1979 kwa majaribio ya panya huko Ufaransa, na kwa watu wengi kizingiti hupanda mkono ukiwa majini. Chake kilibaki palepale, 205. Breki haikushika.

Maelezo ya hali hiyo yapo. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha, naye kwa panya, kwamba baada ya jeraha mabadiliko hayabaki kwenye jeraha tu: neva zilizo ndani ya uti wa mgongo zenyewe huwa nyepesi kuitika. Kinachopita kwenye uti kuelekea ubongoni kinaweza kuwa kikubwa kuliko kilichoingia. Mwaka 2017 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kiliipa hali ya namna hii jina lake, maumivu ya nosiplastiki, kuitofautisha na maumivu ya tishu iliyojeruhiwa na yale ya neva iliyoharibika.

Hayo yote nilimweleza. Nikamwambia mfumo wake wa neva umekuwa mwepesi kupita kiasi, na kwamba maumivu ni mengi kuliko madhara. Nilijiona nimeeleza vizuri sana. Akaniangalia kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo mnasema nadanganya?"

Kila anayefanya kazi hii amekutana na swali hilo. Mtu aliyeishi miezi 14 akidhaniwa mvivu ana sikio kali kwa neno lolote linalofanana na "yako kichwani". Nilikuwa nimemkabidhi sayansi sahihi ikiwa imefungwa kwenye tusi.

Mara kumi na moja

Ndipo tukafanya jaribio la boksi, lile nililoanza nalo. Halihitaji kifaa. Boksi la kilo 3, meza, karatasi. Ainue kutoka sakafuni, aweke mezani, arudishe, mara 15, kila anapoweka ataje namba ya maumivu. Michael Sullivan na wenzake nchini Kanada wamelifanyia utafiti jambo hili kwa wagonjwa wa mgongo: uzito haubadiliki, lakini kwa baadhi ya watu maumivu hupanda kadiri kazi inavyorudiwa, na wenye hofu kubwa ya kujongea ndio wanaoelekea kuonyesha mpando huo. Ningeambiwa nibaki na kipimo kimoja tu kwa wagonjwa wa aina hii, ningechukua hiki na algomita ningeirudisha kabatini.

Namba zake zilikwenda hivi: 3, 3, 4, 4, 5, 5, 6, 6, 7, 7, 8. Akasimama. Moyo 98.

Nikamwekea karatasi mbele. "Mzee, boksi la kwanza lilikuwa kilo ngapi?"

"Tatu."

"La kumi na moja?"

"Ndilo hilohilo."

Akazitazama namba zake kimya. Kisha akasema jambo ambalo sikulitunga mimi, na ningependa kulidai kama langu. Ghalani walikuwa na mizani iliyoharibika. Bila kitu juu yake ilisoma kilo 2, na ukiweka mzigo mwepesi ilizidisha. Msaidizi wake mmoja alikuwa akiapa kwamba mzigo una kilo 8, na ukweli ni kwamba kwenye kioo iliandikwa 8. "Hakuwa anadanganya," alisema. "Alikuwa anasoma kilichoandikwa. Tatizo ni mizani."

"Na mzigo ulikuwepo?"

"Ulikuwepo. Kilo tatu."

Baada ya hapo sikuhitaji kueleza chochote kuhusu uti wa mgongo. Maumivu yake ni usomaji wa kweli wa mizani isiyoanzia sifuri. Mzigo upo, kiuno kina kitu chake, pengine diski ile pengine kingine, lakini namba inayosomeka si uzito wa mzigo. Ule mfano una sehemu unapochechemea, maana mizani ya chuma haiogopi na haikosi usingizi, lakini tuliutumia hadi mwisho wa matibabu bila kuuchosha.

Nikamwambia turudie, ila safari hii atoe pumzi anapoinua, mgongo aulegeze upinde unavyotaka, asijikaze kama anayebeba yai. Hapo awali alikuwa anainama mgongo ukiwa umenyooka kama ubao, tumbo limekakamaa, pumzi imefungwa, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kubeba: mgongo usipinde hata kidogo. Kwa mzigo mzito sana labda kuna hoja. Kwa kilo 3 ni kujibana bure, na misuli inayobanwa kutwa nzima huuma yenyewe. Alisita. Akaanza. Alifika mara 15, akamalizia na 5.

Boksi lilelile, siku ileile, dakika ishirini baadaye. Nguvu hazikuongezeka ndani ya dakika ishirini.

Tulichofanya

Agizo la "ikiuma acha" lilifutwa, na "vumilia" halikuwekwa mahali pake. Badala yake tulitumia kanuni ya Wilbert Fordyce, mwanasaikolojia wa Seattle aliyeanzisha tiba ya namna hii miongo mingi iliyopita: kinachomaliza zoezi ni hesabu, si maumivu. Kwa siku tano alitembea hadi mahali alipojisikia vizuri bado, tukachukua wastani, dakika 9, tukapunguza, tukaanza na 7. Mara mbili kwa siku. Siku mbaya dakika 7, siku nzuri dakika 7. Sehemu ya pili ya agizo ndiyo ngumu. Alinipigia siku ya sita akiniomba ruhusa ya kutembea nusu saa kwa kuwa anajisikia mzima. Nilimkatalia, na hakufurahi. Kila siku ya tatu aliongeza dakika moja.

Boksi lilianza na mara 5, pumziko, mara 5 tena, kwa kuwa maumivu yalianza kukwea vizuri baada ya hapo. Idadi kwanza, uzito baadaye. Kilo 3 zikawa 4 wiki ya nane ya matibabu, kisha 5, mwisho 8. Mkanda tulimvua kwa hatua, kwanza akiwa amekaa, mwisho akiwa ghalani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri mikanda hiyo isitumike kama tiba ya kila siku, na unapendekeza elimu, mazoezi na tiba za kisaikolojia. Lakini mkanda wake ulikuwa kitu zaidi ya kitambaa na sikuona faida ya kumpokonya kwa siku moja.

Kitu muhimu zaidi kilikuwa kumrudisha kwenye yale hasa aliyoyaogopa, moja moja, akiyatabiri kabla na kuyatazama baada. Kufunga kamba za viatu akiwa ameinama. Kugeuka akiwa na mzigo. "Unatabiri namba ngapi?" "Nane." Anafanya. "Imekuwa?" "Nne." Tunaandika zote mbili. Tiba ya muundo huu, inayounganisha maana ya maumivu, namna ya kujongea na maisha ya mtu, ilijaribiwa Australia kwa watu 492 wenye maumivu sugu ya kiuno, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023: waliopewa walipungukiwa na ulemavu wa mgongo kuliko waliopata huduma za kawaida, na tofauti ilikuwepo bado baada ya mwaka mzima. Vikao vyao havikuzidi saba kabla ya kile cha kukumbushia. Mimi nilitumia kumi, kwa sababu vinne vya kwanza nilivipoteza.

Wiki ya saba, siku kumi tu baada ya mazungumzo ya mizani, alirudia Sørensen: sekunde 55 kutoka 34. Misuli haikui kwa siku kumi. Hapo ndipo nilipofuta rasmi lile neno "dhaifu" kwenye faili lake.

Wiki ya kumi alisafiri kwa gari saa tano na mgongo ukalipuka. Tulikuwa tumekubaliana mapema: ukilipuka, nusu ya hesabu kwa siku mbili, kisha rudi ulipokuwa. Kulala siku nzima hakumo. Alitimiza, ingawa siku ya kwanza alinitumia ujumbe wa maneno mawili ambayo sitayaandika hapa.

Kilichobadilika na kilichogoma

Wiki ya 16 tulipima upya kila kitu. Roland-Morris kutoka 17 hadi 6. Kushuka kwa theluthi moja hivi huhesabiwa kuwa mabadiliko ambayo mtu mwenyewe anayahisi, na hapa ni zaidi ya hapo. Tampa 31. Dakika sita, mita 490. Kitini mara 13. Boksi la kilo 8 mara 15, maumivu kutoka 2 hadi 4, moyo 121: sasa mwili ulikuwa kazini. Maumivu ya wastani yalishuka kutoka 6 hadi 4, ambayo si kupona.

Na algomita? Kiuno 195, muundi 220. Nilipompima mara mbili siku moja namba zilipishana kwa 25, kwa hiyo sina haki ya kusema chochote kimebadilika. Mizani ya mkandamizo ilibaki ilivyokuwa. Kule kupandana kwa vichomo kulipungua, kutoka 6 hadi 4 mwishoni. Lakini kile kizingiti, kitu kilichonifanya wiki ya tano nidhani nimegundua kiini, hakikusogea, huku mtu akiwa amerudi ghalani.

Ilinisumbua, kisha nikakumbuka kwamba isingepaswa kunisumbua. Markus Hübscher na wenzake walikusanya mwaka 2013 tafiti zilizolinganisha vizingiti hivi na maumivu pamoja na ulemavu wa watu wenye shingo na migongo inayouma, wakakuta uhusiano dhaifu au hakuna kabisa. Kizingiti cha kubonyezwa ukiwa umelala kimya kitandani ni kitu kimoja. Maumivu yanavyopanda ukiwa unafanya kazi, ukijua unachofanya na ukiogopa kitakachofuata, ni kitu kingine, na hicho ndicho kilichoshuka.

Sitaki kudai zaidi ya kisa kinavyobeba. Alinijia akiwa katika kipindi kibaya kabisa, na watu waliofika chini mara nyingi hupanda kidogo hata wasipotibiwa. Alipata mtu wa kumsikiliza kila wiki mbili. Mimi niliyetibu ndiye niliyepima, jambo ambalo utafiti wa maana usingeruhusu. Na sijui kama ni kutembea, au boksi, au ile karatasi ya utabiri. Kama ningelazimishwa kuweka dau ningeliweka kwenye karatasi.

Usingizi ndio uliotushinda. Umefika saa tano na nusu na kugoma, na tunajua kukosa usingizi kwenyewe hushusha vizingiti vya maumivu, hivyo labda hapo ndipo algomita ilipokwama. Nimemwelekeza kwa mwanasaikolojia anayetibu ukosefu wa usingizi bila vidonge. Ameenda mara mbili.

Mwezi wa sita tangu tuanze matibabu alipiga simu. Anafanya kazi rafuni nusu ya siku, nusu nyingine mezani. Mgongo ulilipuka mara moja, akapunguza nusu kwa siku mbili bila kuniuliza. Gari bado linamshinda ikipita saa mbili. Rafu za juu, zile za kunyoosha mikono juu ya kichwa na mzigo, hatujawahi kuzijaribu pamoja, na anasema hapo hajagusa. Miadi ni wiki ijayo. Nimemwambia aje na boksi lake mwenyewe.